Tufyeke Mapema

Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro siku nyingi. Wananchi na wanafunzi walipanda kusaidia kuuzima. Tunasifu ushujaa huo, lakini kwa maoni yetu kazi kubwa ni ya Juni, nyasi zikiwa bado mbichi. Tufyeke hatua kumi kuzunguka nyumba, tuondoe kuni na mabua ukutani. Paa la nyasi (tunayo mengi bado) hushika kwa cheche moja. Nao wanaosafisha mashamba kwa moto, heri waache kabisa: mabua yakifukiwa hurutubisha udongo.

Mtu akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe asali, mafuta wala dawa ya meno.