Ziwa Burigi: karibu kwa macho, mbali kwa nauli

Kila likizo ya shule inapokaribia, wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo hutuuliza swali lile lile: Burigi tunafikaje, na twende lini? Leo tunalijibu, pamoja na swali jingine lililojificha nyuma yake: kwa nini sisi majirani wa ziwa hili ndio tunaopata taabu kulifikia.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Ziwa lenyewe, refu na jembamba, limelala bondeni katikati ya milima, lina viboko na mamba, na nyati hushuka kunywa maji. Wakubwa wetu wanayakumbuka mapori haya kwa jambo jingine kabisa: mabasi yaliyopita hapa yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa hofu ya majambazi. Hofu ile imekwisha kupungua. Kizuizi cha leo ni gari.

Hakuna daladala inayokwenda ziwani. Basi litakushusha Lusahunga au Biharamulo mjini, na hapo safari yako ya nauli ya kawaida imekoma. Wenzetu wa Mbeya wana nafuu: anayetaka kuona Ziwa Ngosi, lililo juu ya milima ya Poroto, hupanda gari la Tukuyu, akashuka njiani, akachukua bodaboda, kisha akapanda mlima kwa miguu na mtu wa kumwongoza. Ngosi ni msitu, Burigi ni hifadhi ya taifa. Kwa kawaida bodaboda haziruhusiwi kuingia hifadhini, na kutembea kwa miguu bila askari wa wanyamapori ni kujitafutia msiba. Lazima uwe na gari, tena la kukodi.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kiingilio ndicho kikubwa. Sivyo. Kwa raia, kiingilio ni sehemu ndogo ya gharama, na ndugu wa Burundi au Rwanda mwenye hati zake naye hulipa kiwango cha Afrika Mashariki. Mzigo ni gari. Tuseme, kwa mfano tu, mwenye Noah anataka shilingi 210,000 kwa siku na mnakwenda watu 7: kila mmoja 30,000. Mwenye Kosta akitaka 400,000 na mko 25, kila mmoja anatoa 16,000. Ndiyo maana tunasema safari hii ni ya kikundi: kwaya, chama cha kuweka na kukopa, walimu wa shule mbili zilizo jirani. Na msipatane bei mapema mno. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na dereva aliyekubali bei kabla ya hapo anaweza kuja na hesabu nyingine asubuhi ya safari.

Lini sasa? Wengi wetu tungependa Desemba, ndugu wa mjini wakiwa nyumbani. Lakini Desemba kwetu ni mvua, kama ilivyo Machi hadi Mei, na barabara za udongo ndani ya hifadhi zikilowa, Kosta haitoki. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Shule zimefunga Juni, kahawa inavunwa na fedha zinaanza kuonekana, na vidimbwi vya porini vikikauka wanyama husogea ziwani. Saba Saba na Nane Nane nazo zinaangukia humo humo. Kasoro ya Agosti ni moshi: nyasi zikichomwa huku kwetu, milima hufifia na anayetaka picha nzuri atalalamika. Sisi tungechagua mwisho wa Juni.

Kuna jambo la saa ambalo tunaomba lisikilizwe vizuri. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, kwa saa moja inayotumika nchi nzima. Lakini sisi tuko magharibi. Jua letu huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya la Dar es Salaam, na huzama karibu saa 1 jioni. Maana yake asubuhi lango linafunguliwa kungali giza, na jioni linafungwa jua lingali linawaka. Mgeni anaangalia jua, anaona bado mapema, anaagiza soda nyingine. Humo ndani mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa, na kwenye makorongo ni chini ya hapo. Anayetoka Ngara mjini aondoke saa 10 alfajiri, maana barabara ya Rusumo hadi Lusahunga, kilomita 92, imejaa malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na kuyapita gizani si kazi ya dereva mwenye haraka.

Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, wala si fedha mkononi. Ulizeni kiwango na mlipe jana yake mkiwa penye mtandao. Mafuta jazeni Biharamulo. Kitambulisho cha NIDA kila mtu awe nacho.

Haya yote yangekuwa mepesi kama lingekuwepo basi moja tu, kutoka stendi ya Biharamulo hadi ziwani na kurudi, siku za sikukuu za kiangazi. Vijiji vinavyopakana na hifadhi ndivyo vinavyolala macho kulinda mashamba dhidi ya tembo, na wafugaji wake ndio waliotolewa mapori yale na ng'ombe wao. Mtoto wa vijiji hivyo kulijua ziwa kwa kusimuliwa tu, kwa maoni yetu, si haki. Halmashauri zetu mbili na wenye hifadhi wanaweza kulizungumza hili kabla ya Juni.

Mpaka hapo, mtakaokwenda kwa gari la kukodi, mwambieni dereva kabla hajawasha: saa 9 alasiri anageuza, hata kama twiga amesimama katikati ya njia.