Ukuta Ukivunjwa, Leseni Haiwezi Kubaki Ileile

Baa iliyo ndani ya kuta nne na baa iliyo chini ya miti ni biashara mbili tofauti, hata kama mwenye nazo ni mmoja na bia ni zilezile. Mamlaka zetu za leseni husahau jambo hili pale mwenye baa anapoomba kuongeza bustani, au gadeni kama tunavyoiita mitaani, na majirani wakasema hapana.

Chukua kata ya Nyakato, katika Manispaa ya Musoma. Siandiki kuhusu baa moja yenye jina. Nazungumzia hali inayoweza kutokea katika kata yoyote ya mji ambamo nyumba za kuishi na biashara vinagusana. Baa imekuwapo miaka kadhaa. Majirani wameizoea na baadhi yao ni wateja wake. Kisha uwanja wa nyuma unasafishwa, meza zinapangwa, taa zinafungwa mitini, jiko la nyama choma linahamishiwa nje na spika zinalifuata. Majirani wanapolalamika, wanajibiwa kwa sentensi fupi: "Ana leseni."

Ni kweli analo karatasi. Swali ni kwamba karatasi hiyo iliruhusu nini. Leseni ya vileo katika Tanzania Bara inasimamiwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, Sura ya 77. Haitolewi kwa mtu pekee. Hutolewa kwa mtu katika jengo fulani. Ndiyo maana kwa kawaida maombi hupita kwa mtendaji wa mtaa au kata, afisa afya na polisi kabla ya kumfikia afisa biashara. Kila mmoja wao anatakiwa kutazama mahali. Mahali pakibadilika, walichokitazama hakipo tena, na saini zao zimebaki zikithibitisha kitu ambacho hawakukiona.

Wapo watakaosema kwamba meza chache nje si jambo kubwa. Waulizwe wanaolala jirani. Ukuta huzuia sehemu kubwa ya sauti. Turubai na majani ya miembe havizuii kitu. Usiku hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile ya juu, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani mchana hupindwa kurudi chini na kusafiri mbali zaidi. Mdundo mzito wa besi hupenya hata dirisha lililofungwa. Mtoto wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mzee mgonjwa: hawa hawakuulizwa wakati kuta zikiwapo, kwa kuwa kuta ziliwajibia. Zikiondolewa, lazima waulizwe.

Tumtendee haki pia mwenye baa. Analipa ada na kodi, ameajiri wahudumu, wapishi na walinzi, na wateja wa leo wanapenda kupunga upepo. Kumpinga kwa sababu tu anauza pombe ni unafiki, kwani halmashauri inayomkatalia leo ndiyo iliyopokea ada yake jana. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe: anayetoa leseni ndiye anayehitaji mapato ya leseni. Siku hizi maombi na malipo hupitia mfumo wa TAUSI, na hilo ni jema, maana limepunguza safari na mianya. Lakini mfumo hutoa namba ya malipo. Hausikii muziki saa saba za usiku. Kusikia ni kazi ya watu.

Watu wasiposikilizwa mapema, hufuata kufuli. Mei 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilizifungia baa na kumbi za starehe zaidi ya 80, zikiwamo za Dar es Salaam, kwa sababu ya kelele. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2022, Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: nani aliyewapa leseni hizo? Mwekezaji aliyeaminishwa kwamba mambo yake yako sawa alipoteza mtaji, mhudumu alipoteza mshahara, na jirani alikuwa ameshakosa usingizi miaka mingi. Ofisi iliyosaini haikupoteza chochote.

Wananchi wetu si wageni wa kudai haki hii. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji lao mahakamani kwa kumwaga taka karibu na nyumba zao, wakashinda. Jiji likawa linaomba muda zaidi ili liendelee kumwaga, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa, akishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Taka si muziki, lakini kanuni ni ileile: mamlaka haina uwezo wa kugawa utulivu wa wengine kana kwamba ni mali yake.

Nini kifanyike? Kwanza, kuongeza bustani kuhesabiwe kuwa ombi jipya, si marekebisho madogo ya ombi la zamani. Pili, ombi hilo libandikwe ofisi ya mtaa na lisomwe katika mkutano wa wakazi, na maoni yao yaandikwe kwenye muhtasari utakaoambatana na maombi. Tatu, masharti yaandikwe wazi: saa ya kufunga eneo la nje, spika kubaki ndani, vyoo vya kutosha, maegesho yasiyoziba njia ya watu. Nne, leseni ya vileo hutolewa kwa miezi sita, basi muhula wa kwanza uwe wa majaribio. Masharti yakivunjwa, bustani isihuishwe, na baa ya ndani iendelee na kazi zake.

Utaratibu huu unampa mwenye baa uhakika na unampa jirani sauti. Gharama yake ni kikao kimoja cha mtaa.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Serikali hizo zilifutwa mwaka 1972, na Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, si mbali na Nyakato, alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Zilirejeshwa ili mkazi asikilizwe karibu na mlango wake. Mtumishi wa umma unayesoma haya, faili la namna hii likifika mezani kwako, nenda kasimame uani kwa jirani saa nne usiku kabla hujasaini.