Motokari inayozima kwenye kusimama



Mwezi huu ninawaletea shida ya motokari, na ndani yake shida ya nyumba.

Kule Likasi kuko muzee mumoja aliyeacha kazi ya mine. Ana Volkswagen ya zamani, ile tunaita Coccinelle, yenye moteri 1600. Kila asubuhi inapeleka mikate ya mama sokoni, na mikate ndiyo inalipa masomo ya watoto. Siku moja ikaanza kuzima. Barabarani inakimbia muzuri, lakini fasi inasimama, moteri inatetemeka, inakufa.

Muzee akamukalipia kijana wake: "Ni wewe! Juzi ulifungua karburateri, umeiharibu!" Kijana akajibu: "Baba, nilitoa paka filtre ya hewa, nikaisafisha, nikairudisha." Baba hakusikia. Akashika turnevisi, akakaza visi mupaka moteri ikaacha kuzima. Lakini sasa ilinguruma hata ikisimama, ikakunywa esansi mingi, faida ya mikate ikaisha. Kijana akafunga nguo ndani ya mufuko, akataka kuwafuata wenzake kwenye mashimo ya kuchimba. Mama akaniita.

Mimi, mbele ya shule ya Biblia, nilifanya kazi ya garaji. Nikawaambia wote wawili: "Mbele ya kuhukumu mutu, tuulize moteri."

Sikieni namna inafanya kazi. Ukikanyaga mafuta, esansi inapita katika njia kubwa ya karburateri. Ukiachilia muguu, moteri inaishi kwa esansi kidogo inayopita njia ndogo ya ralanti. Basi, motokari ikikimbia muzuri lakini inazima paka kwenye kusimama, tafuta kwanza kwenye njia ndogo. Fuata hivi:

1. Angalia kwanza buji na platine ya delko. Platine iachane milimetri 0.4. Mara mingi tunaisingizia karburateri, kumbe shida ni moto wa buji.

2. Kwenye karburateri kuko kifaa cha mviringo chenye fili moja ya umeme. Mafundi wanakiita etufwari. Ukifungua kontakti, kinafungua njia ya ralanti. Kama hakuna esansi inayovuja, fungua kontakti bila kuwasha moteri, toa ile fili, uiguse tena. Utasikia "tak". Kama kimya, angalia kama umeme unafika. Ukifika na bado kimya, etufwari imekufa.

3. Esansi ya bidoni, ile ya kadafi, mara nyingi iko na uchafu. Tundu la jikleri la ralanti ni dogo sana, linaziba upesi. Lipulize kwa hewa. Usichokoe na chuma, utalipanua, na halitapima tena sawasawa.

4. Angalia mipira inayounganisha mabomba ya hewa chini ya karburateri. Ikipasuka, hewa ya wizi inaingia. Nyunyiza maji kidogo juu yake, mbali na delko, moteri ikitembea. Sauti ikibadilika, umepata tundu.

5. Visi ni ya mwisho. Kwenye Solex 34 PICT-3, karburateri ya moteri hii, kuko visi mbili pembeni: ndogo ni ya muchanganyiko, kubwa ni ya mwendo. Moteri ikiwa na moto, funga ndogo polepole, usiikaze, kisha irudishe mizunguko 2 na nusu. Kwa ile kubwa tafuta mizunguko ya moteri karibu 850 kwa dakika. Visi ya mukono wa gesi usiitumie kwa ralanti.

Fanyeni kazi hii inje, moteri haina sigara karibu yake. Moshi wa moteri ndani ya garaji iliyofungwa unaua.

Tulipofika kwenye namba 2, tukaona. Fili ya etufwari ilikuwa imetoka. Kichwa chake kilikuwa kimezeeka na kulegea, na kijana alipoinua filtre, kikachomoka bila yeye kuona. Kazi ya dakika moja! Na visi aliyokaza muzee ilikuwa ile ya mukono wa gesi. Tukairudisha, tukapima ralanti, Volks ikatulia.

Muone sasa: baba hakukosa kabisa, kwa sababu shida ilitoka kwenye mukono wa mutoto. Na mutoto hakudanganya, kwa sababu hakugusa karburateri. Kila mumoja alishika nusu ya ukweli, akaifanya fimbo.

Mezali 18:13 inatufundisha kwamba kujibu mbele ya kusikia ni upumbavu na haya. Wazazi, tunapokaza sauti, nyumba inaonekana imenyamaza, lakini ni kama visi ile: shida iko pale pale, na upendo unaisha kama esansi. Vijana, nanyi, ukitengeneza kitu cha nyumba na kikaharibika, useme upesi: "Baba, mama, twende tuangalie pamoja."

Muzee alimuomba kijana wake musamaha mbele ya mama. Si jambo jepesi kwa baba wa kwetu. Mufuko ukafunguliwa, nguo zikarudi fasi yake. Asubuhi yake, ni kijana aliyepeleka mikate.

Na wewe unayesoma: katika nyumba yako, ni nani umemuhukumu bila kufungua na kuangalia? Umuite leo.

Mungu awabariki.
Muchungaji wenu