Vyuo vikuu vitutayarishie wahudumu wa wazee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya mafunzo wanayopewa vijana wetu wa vyuo vikuu, hasa wanaosomea udaktari, uuguzi na ustawi wa jamii. Wanafundishwa vizuri namna ya kumpokea binadamu anapozaliwa. Namna ya kumtunza anapozeeka, wengi wao wanakwenda kujifunzia kazini.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Waliotimiza miaka 60 walizidi milioni tatu, na mwaka 2012 walikuwa kama milioni mbili na nusu. Najua wapo watakaosema taifa letu bado ni la vijana, na wazee hawafiki hata kumi katika kila watu mia. Ni kweli. Lakini daktari bingwa hapatikani kwa kutangaza nafasi redioni. Tangu aingie mwaka wa kwanza hadi abobee ni miaka kumi au zaidi. Wajapani walitunga sheria ya kuwatambua watunzaji wenye ujuzi mwaka 1987, wakati kwao waliotimiza miaka 65 walikuwa kama mmoja tu katika kila watu kumi. Leo wanakaribia watatu katika kumi, na pamoja na kutangulia kote huko wanatafuta watunzaji ng'ambo.

Mama yangu alipita miaka 80. Alipoanza kusahau majina yetu na kutoka nje usiku wa manane, tulimpeleka kutibiwa mara tatu. Mara zote tatu alipewa dawa za malaria. Simlaumu kijana aliyemhudumia, maana alitupokea kwa heshima, alitoa alichofundishwa. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai na kutolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, katika wazee wa miaka 70 na zaidi, zaidi ya sita katika kila mia wana maradhi hayo ya kupotewa na kumbukumbu. Kwa hiyo si jambo la familia yangu peke yake.

Na hatari yake si ya hospitalini tu. Sote tunajua habari za vikongwe waliouawa huko Shinyanga na Mwanza kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka hamsini. Bibi anayeongea peke yake na kutangatanga usiku katika kijiji cha namna hiyo anahitaji mtu mwenye elimu, anayeaminiwa na majirani, awaeleze kwamba huu ni ugonjwa. Afisa ustawi wa jamii ndiye angefaa. Je, chuoni alifundishwa kuutambua?

Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Hospitali nyingi zimeweka dirisha la wazee, na tunashukuru, kwani kupanga foleni na magoti mabovu ni adhabu. Ila dirisha ni njia ya kupita haraka tu; aliyekaa ndani ndiye tunayemhitaji.

Mwanafunzi wa udaktari hupita kwa zamu wodi ya watoto, ya wazazi, ya upasuaji na ya magonjwa ya ndani. Napendekeza iwepo zamu ya lazima ya wazee, na sehemu yake ifanyike vijijini, nyumba kwa nyumba, ili aone mzee anavyoishi: kitanda, choo cha mbali, na mjukuu wa miaka kumi ambaye ndiye muuguzi wake. Wauguzi na wanafunzi wa ustawi wa jamii waende pamoja naye.

Tena, kufundisha bila kuajiri ni kazi bure. Vijana wenye shahada hizo wapo mitaani wanatafuta kazi, na wazee wapo ndani wanangoja mtu wa kuwageuza kitandani. Naomba wahusika wa Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya watujibu kupitia gazeti hili: zamu hiyo itaanza lini, na nafasi za kazi zitakuwa ngapi katika kila wilaya?

Mwalimu Mstaafu,
Moshi.