Ndoo ya kuchachusha haiondoi sumukuvu

Wafanyabiashara wa nafaka wanaofuga kuku uani wamegundua faida ya ndoo. Unatia paraza na pumba, unamimina maji hadi yafunike, unaacha siku mbili au tatu mpaka itoe harufu ya uji mchachu. Ni jambo jema. Bakteria wa uchachu hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vingi vya maradhi, fosforasi iliyofungwa ndani ya nafaka hufunguka, na chakula kikilowa hakimwagwi ovyo.

Kinachonitia wasiwasi ni mahindi yanayoingia katika ndoo hiyo. Mara nyingi mpakani nasikia kwamba gunia lililokataliwa kwa sumukuvu si hasara, maana kuku watalila, na likichachushwa litakuwa salama. Hapana. Ukungu unaweza kufa na sumu yake ikabaki. Maji hayaitoi, moto wa jikoni hauitoi, na hata kama uchachu unaipunguza kiasi, hakuna mwenye ndoo uani anayeweza kupima kilichobaki.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndivyo dunia ilivyoijua sumu hii: kupitia chakula cha mifugo kilichovuka mpaka. Kuku wa kwetu mara nyingi hafi siku hiyo. Hupunguza mayai, kinga yake hudhoofika hata chanjo isimfae vizuri, na mabaki ya sumu huingia katika ini na mayai, yaani mezani kwako.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Zuio lile la ghafla liliwaumiza wengi, na malalamiko yalikuwa ya haki. Lakini tulibishana kuhusu malori yaliyokwama. Kuhusu mzigo ulioshindwa kipimo hatukuuliza.

Nchi wanachama zikubaliane: mzigo ulioshindwa uwekewe rangi au uharibiwe hapo hapo, na mwenye mali apewe hati ya kumwonyesha aliyemuuzia. Bila hivyo gunia linarudi soko la upande lilikotoka, linabandikwa jina la chakula cha kuku, na bei yake inavutia kuliko ya paraza safi.