Dansi ya Baba na Mahakimu Wake

Shairi la Theodore Roethke liitwalo "My Papa's Waltz", yaani dansi ya baba, lina beti 4 na mishororo 16 tu. Lilichapishwa Marekani mwaka 1942, kisha likatiwa katika diwani yake, The Lost Son and Other Poems, mwaka 1948. Tangu hapo limepata mahakimu wengi kuliko wasomaji. Kundi moja huona humo baba mchangamfu achezaye na mwanawe kabla ya usingizi. Kundi jingine huona mlevi amuumizaye mtoto mbele ya mama asiye na la kufanya. Kila kundi huliita lenzake pofu. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: yamegeuza shairi kuwa kesi.

Yanayosimuliwa ni machache. Baba ananuka wiski hata mtoto ashikwe na kizunguzungu. Mtoto amemng'ang'ania baba, na kung'ang'ania huko kumefananishwa na mauti. Masufuria yanaporomoka jikoni, na mama amekunja uso. Mkono uliomshika mtoto una jeraha kwenye kifundo cha kidole, na kila baba akosapo hatua, sikio la mtoto hukwaruzwa na bizimu ya mkanda. Mwisho baba, mwenye kiganja kilichogandamana udongo, hupiga mapigo ya dansi juu ya kichwa cha mwanawe na kumpeleka kitandani, naye mtoto hajaliachia shati lake.

Wasemao kuwa hii ni furaha tupu hawana budi kueleza mauti yametafuta nini katika mchezo, na kwa nini sikio likwaruzwe. Wasemao kuwa ni mateso matupu nao hawana budi kueleza kwa nini mtoto ashike shati la mtesi wake mpaka mwisho, na kwa nini mtu mzima anayesimulia aseme na baba ana kwa ana, akimwita kwa jina la mapenzi ya utotoni. Kila upande huita mashahidi wake na kuwafukuza mashahidi wa upande wa pili. Hiyo si tafsiri, ni upendeleo.

Mswahili ana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Katika lugha yake mtu hupiga ngoma, hupiga makofi ya shangwe, na hupiga mtoto; kitenzi ni hicho hicho. Kitenzi cha Kiingereza alichokitumia Roethke kwa mapigo yale ya kichwani nacho kina nyuso hizo mbili. Umbo la shairi lafanya vivyo hivyo. Waltz ni dansi ya hesabu ya tatu, na mishororo ina mikazo mitatu mitatu. Lakini baadhi yake huzidisha silabi mwishoni, kama mguu wa mlevi uliopitiliza hatua. Furaha na hatari zimefumwa kwa uzi mmoja, na auvutaye mmoja huharibu nguo nzima.

Wengine hukimbilia maisha ya mtungaji. Ni kweli kwamba babake, Otto Roethke, alikuwa mkulima wa maua katika nyumba za vioo mjini Saginaw, Michigan, na kwamba alifariki mwaka 1923, mwanawe akiwa na umri wa miaka 14. Habari hizo zaeleza udongo wa kiganjani, hazitoi hukumu. Zaonyesha, hata hivyo, jambo ambalo mahakimu wamelisahau: shairi lilipochapishwa, baba alikuwa kaburini miaka 19. Mwana anasema na mtu asiyeweza kujitetea wala kuomba radhi. Ndiyo maana hakumshtaki wala hakumwachilia. Amemshika shati tu.

Wapo pia wasemao kuwa kila msomaji ana maana yake, na hapana iliyo bora. Huo ni uvivu uliovaa joho la uhuru. Maneno ya shairi yana mipaka: asemaye kuwa mama anacheka amekosea, na asemaye kuwa hapana wiski amekosea. Fumbo hukubali maana mbili kwa kuwa zote mbili zimeandikwa humo, si kwa kuwa hapana kilichoandikwa.

Husemwa, "Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu hulifumbua." Lakini yako mafumbo ambayo kuyafumbua ni kuona kwamba pande zake zote mbili ni kweli. Mwalimu aulizaye darasani, "Je, baba huyu alipenda au alipiga?" amewafundisha wanafunzi wake uongo kabla hawajajibu. Pengine kati yao yumo aliyelelewa na mkono huo huo, aliyeuogopa na kuusubiri kila jioni. Shairi hili lilikuwa limemwambia kwamba hakuwa peke yake. Swali la mwalimu lamlazimisha akane nusu ya moyo wake ili apate alama.