Wachina si waigaji tu

Kuna hoja iliyozoeleka katika midahalo ya shule zetu, nayo ni kwamba Mchina hana lake ila kuiga. Hutolewa mfano wa saa isiyomaliza mwezi na redio inayonyamaza siku ya pili, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi naiona hoja hiyo kuwa chapwa, na mwalimu anayeiacha ipite bila kuihoji anawanyima wanafunzi wake elimu.

Hebu tuanze na karatasi yenyewe ambayo hoja hiyo huandikiwa. Mnamo mwaka wa 105 B.K., Cai Lun, mtumishi wa jumba la kifalme, aliwasilisha kwa mfalme mbinu ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Katika miaka ya 1040, Bi Sheng aliunda herufi za udongo zilizoweza kupangwa na kupanguliwa, takriban miaka 400 kabla ya Gutenberg kupiga chapa Biblia yake kule Ujerumani. Baruti na dira vilevile chimbuko lake ni Uchina. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliandika mwaka wa 1620 kwamba uchapaji, baruti na dira viligeuza hali ya dunia nzima, huku akisema asili ya vitu hivyo ilikuwa gizani.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa walikuwa werevu hivyo, mbona karne ya 19 iliwakuta wanyonge mbele ya mataifa ya Ulaya? Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba uvumbuzi peke yake si utajiri. Merikebu za Zheng He zilivuka Bahari ya Hindi kuanzia mwaka wa 1405, na mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Ming. Baada ya 1433 safari hizo zilikomeshwa. Uchumi wao ulishika kasi tena baada ya mageuzi ya Deng Xiaoping ya mwaka wa 1978. Walijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka wa 2001, na kufikia 2010 walikuwa wameipita Japani na kushika nafasi ya pili duniani.

Je, waliiga? Naam, waliiga. Lakini Ulaya nayo iliiga. Kwa miaka mingi Wazungu walihangaika kuigundua siri ya vyombo vya kauri vya Kichina, hata kiwanda cha Meissen kikafunguliwa mwaka wa 1710. Kuiga ni darasa. Aibu ni kutohitimu.

Sisemi tufumbie macho bidhaa duni, wala mikopo yenye masharti mazito. Mambo hayo yana mdahalo wake. Nasema tu kwamba mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Isitoshe, somo hili linatugusa sisi wenyewe. Katika miaka ya 1970, Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, alisoma kitabu cha Ge Hong cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Humo aliona mmea uitwao qinghao ukiloweshwa majini na kukamuliwa, pasipo kutajwa kuchemshwa. Akapunguza moto, na ile dawa ikapatikana. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015, na dawa zitokanazo na mmea huo zinawaokoa watoto wetu kutoka Kisumu hadi Kilifi.

Lau Ge Hong hangeandika, Tu Youyou angesoma nini? Wazee wetu wanaojua mitishamba wanafariki kila mwaka, nasi hatujaandika neno. Walimu, wapeni wanafunzi daftari na kuwatuma kwa wazee hao likizo hii, kisha mrudi ukumbini mjadili nani mvumbuzi na nani mwigaji.